Mkono wa Kulia Unapopakwa na wa Kushoto

Kwa miaka mingi kucha zangu zilipakwa rangi na kijana aliyekuwa akipita mtaani kwetu Magomeni kila Jumamosi jioni, akiwa na kikapu cha plastiki kilichojaa chupa, na akizigonganisha mbili kati ya hizo ili sisi tuliokuwa ndani tujue kwamba amefika. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya baraza na kumpa mkono, yeye anauweka juu ya goti lake, na kabla sijamaliza kumuuliza habari za kwao vidole vyote kumi vimekwisha. Wepesi ule ndio ulionidanganya, kwa sababu niliamini kwamba kazi yenyewe ni nyepesi, na kwamba nilichokuwa nikimlipia ni rangi yake tu na asetoni, ile dawa ya kutolea rangi.

Nilikoma kuwapa mafundi mikono yangu kwa sababu ya kidole kimoja. Fundi mwingine, wala si yule wa Jumamosi, alinikata ile ngozi nyembamba inayolala juu ya kitako cha ukucha kwa kikasi ambacho sikumwona akikisafisha, nami nikanyamaza kwa kuwa niliona mkono unazidi kupendeza. Siku ya tatu kidole cha pete kilianza kupwita, na siku ya tano kilikuwa chekundu na kimevimba kiasi kwamba sikuweza kufunga vifungo vya gauni. Muuguzi wa zahanati alikitazama mara moja akasema kwamba ni mdudu wa kidole, akakitumbua usaha, kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote: ngozi ile haikuwekwa pale bure, kwani ndiyo inayoziba mwanya uliopo kati ya ukucha na kidole ili uchafu na vijidudu visipenye, na kuikata ni sawa na kung'oa mlango halafu kushangaa kwamba mbuzi wameingia ndani. Akasema kwamba nikitaka kuiondoa njiani niiloweke kwanza katika maji ya uvuguvugu, kisha niisukume nyuma taratibu kwa kitambaa laini.

Baadaye nilikuja kufahamu jambo lililonichekesha. Mama yangu, kama wanawake wengi wa rika lake kule Tanga, hasemi rangi ya kucha bali husema kyuteksi, na jina hilo limetokana na Cutex, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1911. Bidhaa yake ya kwanza haikuwa rangi hata kidogo, bali dawa ya majimaji ya kuondoa ngozi ya kitako cha ukucha bila kuikata. Rangi ilifuata baadaye. Kwa hiyo neno tulilolirithi kwa ajili ya kujipamba lilizaliwa likiwa onyo juu ya kosa lile lile lililonipeleka zahanati.

Basi niliamua kujipaka mwenyewe nyumbani, na hapa sina budi kueleza jambo moja ambalo wanawake wenzangu wa Kiislamu watalielewa bila maelezo. Rangi ya kucha ni utando unaozuia maji kufika kwenye ukucha, tofauti na hina inayozama na kubadili rangi tu, na kwa hiyo mtu hatawadhi akiwa ameipaka. Zipo siku hizi chupa zilizoandikwa kwamba rangi yake hupitisha maji, lakini mimi sikutaka kuitundika swala yangu kwenye maandishi ya chupa. Nilichofanya ndicho walichofanya shangazi zangu: nilipaka katika siku za hedhi pekee, nikatoa rangi yote siku ya kutoharika. Maana yake ni kwamba nilikuwa na siku sita au saba kila mwezi, yaani mwezi mmoja jaribio moja. Nilijifunza kwa mwendo wa kobe, lakini naona sasa kwamba mwendo huo ulinisaidia, kwa kuwa kati ya kosa na kosa nilipata majuma matatu ya kufikiri lilikotokea.

Jaribio la kwanza sitalieleza kwa kirefu. Rangi ilikuwa nyekundu iliyokolea, nilichovya brashi mpaka chini, nikapaka ukucha pamoja na nyama yake, na mkono wa kulia ulionekana kama wa mtu aliyekuwa akichinja kuku.

Mwezi wa pili rangi ilikaa vizuri zaidi, lakini kesho yake asubuhi, nilipokuwa nikichambua mchele, ilibanduka kutoka kidole gumba ikiwa nzima, kama gamba la kitunguu, na kabla ya jioni nyingine tatu zikafuata. Nililaumu chupa, nikanunua nyingine, na mwezi wa tatu ikabanduka vilevile. Chanzo kilikuwa mafuta ya nazi. Mimi nimelelewa Tanga na sijui kutoka bafuni bila kujipaka mafuta mikononi, na mafuta hayo yalibaki juu ya ukucha hata nilipodhani kwamba nimeyafuta kwa khanga. Rangi ilikuwa inashika mafuta, haishiki ukucha. Tangu hapo, kabla ya kufungua chupa, napitisha juu ya kila ukucha pamba yenye asetoni kidogo, hata kama hauna rangi ya kutolewa, na baada ya hapo siugusi tena kwa kidole. Siku ambayo asetoni imekwisha, siki nyeupe ya jikoni huifanya kazi hiyo vizuri tu.

Kosa la maji lilikuwa gumu zaidi kuligundua kwa sababu lilijificha ndani ya unadhifu. Nilikuwa napenda kupaka rangi mara tu baada ya kuoga au kumaliza vyombo, wakati mikono imetakata na kucha zimelainika, na rangi ilikuwa ikiingia nyufa ndogo kwenye ncha baada ya siku moja au mbili. Ukucha hunywa maji na kutanuka, kisha hukauka na kurudi katika umbo lake, ilhali rangi iliyokwisha kukauka juu yake haiwezi kuufuata katika safari hiyo. Siku hizi nikitoka kuoga, au nikiloweka vidole ili kusukuma ngozi kama nilivyoelekezwa na yule muuguzi, nangoja saa nzima kabla ya kupaka.

Lakini kosa lililonigharimu miezi mingi kuliko yote lilikuwa unene wa rangi. Nilikuwa nataka ule wekundu uliojaa, wa pale pale, kwa mpako mmoja, na nilipoona ukucha unaonyesha weupe chini ya rangi niliongeza nyingine kabla ya ile ya kwanza kukauka. Rangi ya kucha kwa kawaida ni nitroselulosi, yaani kemikali inayoacha utando mgumu, iliyoyeyushwa katika vimiminika vyepesi vinavyoruka hewani, na kukauka kwake si kitu kingine ila kuondoka kwa vimiminika hivyo. Mpako mzito hukauka juu kwanza, ukafanya ngozi kama ya uji uliopoa, na vimiminika vilivyobaki chini hukosa pa kutokea. Ukigusa unadhani umekauka. Usiku mmoja nilipaka saa tatu, nikalala saa tano nikiwa na hakika kwamba kila kitu ni kikavu, na usiku kucha kucha zangu zikawa zinachapwa nyuzi za shuka, moja baada ya nyingine, hata asubuhi ningeweza kumwonyesha fundi kitambaa aina ya mfumo wa shuka ile bila kuileta.

Dawa yake ni mipako miwili myembamba, na hapa wembamba nautaja kwa dhati: mpako wa kwanza unatakiwa uonekane mbaya, wenye michirizi, wenye kuacha weupe wa ukucha ukichungulia, na mtu auvumilie ubaya huo. Nangoja dakika tatu hivi, au zaidi kukiwa na unyevu, ndipo naweka wa pili, ambao hufunika michirizi yote. Ukiuwahi mpako wa kwanza, brashi huuyeyusha na kuukokota, na vipande vyake hujikusanya pembeni mwa ukucha. Nikimaliza nakaa bila kufanya kazi yoyote kwa muda wa kutosha kupika wali, na sipaki usiku.

Sasa nifike kwenye mkono wa kulia, ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Mimi hutumia mkono wa kulia katika kila kitu, na kwa hiyo kucha za mkono wa kushoto zilipendeza mapema, kufikia mwezi wa nne au wa tano, huku zile za kulia zikiendelea kuniaibisha. Mdogo wangu aliniambia kwamba mkono wangu wa kushoto unatetemeka, nami niliamini, nikawa hata naufanyisha mazoezi ya kuandika jina langu. Siku moja nilimwita yule kijana wa Jumamosi ampake mdogo wangu, nikakaa kando si kwa ajili ya mazungumzo bali kumtazama vidole. Nikaona kwamba mkono wake haukuwa ukielea hewani hata nukta moja: kifundo kilikuwa kimelala juu ya goti, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeegemea kidole cha mteja, na brashi ilikuwa ikisogea kidogo mno. Mkono wa mteja ndio uliokuwa ukigeuzwa huku na huku. Nilipomuuliza kama anajua kwamba anafanya hivyo, alicheka akasema, "Dada, ukiuhangaisha mkono unaoshika brashi, umeshaharibu."

Niliporudi mezani peke yangu niliweka viwiko vyote viwili juu ya meza, nikaegemeza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwenye meza pia, nikashika brashi na kuiacha palepale ilipo. Kisha nikawa nasogeza ule ukucha wa mkono wa kulia chini ya brashi, nikikizungusha kidole taratibu upande wa kushoto ili ubavu mmoja uje juu, halafu upande wa kulia ili uje ule mwingine. Mkono wa kulia, ambao una akili ya kazi, ndio uliokuwa ukifanya kazi, na wa kushoto ulikuwa msumari tu wa kutundikia brashi. Mtetemo wote ulikuwa umetokana na kuuning'iniza mkono hewani na kuudai ustadi ambao haujawahi kuwa nao.

Nilibadili pia mpangilio. Zamani nilianza na mkono wa kushoto kwa kuwa ni rahisi, na matokeo yake nilipofika kwenye ule mgumu nilikuwa nashika brashi kwa vidole vyenye rangi mbichi, nikiogopa kuviharibu, na woga huo ukaongeza makosa. Sasa naanza na wa kulia wakati kucha za mkono unaoshika brashi bado ni tupu na hazina cha kupoteza. Najua wapo wanaoshauri kinyume chake, lakini nimejaribu kote kuwili na sitarudi nilikotoka.

Juu ya brashi yenyewe nina machache. Chupa haitikiswi kwa nguvu kama dawa ya kikohozi, kwa sababu hewa huingia na kutokea kwenye ukucha kama vipovu. Huviringishwa kati ya viganja mpaka rangi ichanganyike. Upande mmoja wa brashi hufutwa kwenye mdomo wa chupa, na tone linalobaki upande wa pili linatosha ukucha mzima, isipokuwa kidole gumba. Tone hilo naliweka katikati, mbali kidogo na kitako cha ukucha, kisha naisukuma brashi nyuma taratibu mpaka rangi ikaribie ngozi bila kuigusa, ikiacha mwanya mwembamba kama unywele, halafu naivuta mbele hadi ncha kwa mkokoto mmoja. Mkokoto wa pili ni wa ubavu huu, na wa tatu ni wa ubavu ule. Nikizidisha hapo naharibu. Huo mwanya wa unywele ndio unaotenganisha kucha iliyopakwa na kucha iliyochovywa, na uliniletea tabu kuukubali kwa kuwa nilidhani kwamba kujaza mpaka mwisho ndiko kupaka vizuri.

Ninachokosea, kwa maana bado nakosea, nakisafisha kwa brashi ndogo ya zamani ya kupakia rangi ya mdomo, niliyoichovya katika asetoni na kuikamua kwenye pamba. Kabla yake nilitumia kijiti cha meno kilichoviringwa pamba, nacho kinafaa, ila nyuzi za pamba hupenda kunasa kwenye rangi mbichi. Asetoni ni kitu cha kukiheshimu. Ilinidondokea juu ya rimoti ya televisheni, na nilipoifuta kwa kidole plastiki ikafuatana na kidole, hata leo alama yangu ipo karibu na kitufe cha sauti. Jambo kubwa zaidi ni moto. Nilikuwa nikijipaka barazani huku maharage yanachemka kwenye jiko la mkaa hatua mbili tatu kutoka nilipokaa, na mama mkwe wangu, ambaye hasemi sana, alikuja akaichukua chupa ya asetoni bila neno akaenda kuiweka chumbani. Mvuke wake hushika moto upesi, na rangi yenyewe si salama kuliko asetoni, kwa hiyo sasa sipaki karibu na jiko, mshumaa wala dawa ya mbu ya kuwasha.

Katika kutoa rangi, pamba yenye asetoni naikandamiza juu ya ukucha kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha naivuta kuelekea kwenye ncha. Kusugua huku na huku ndiko kunakoipeleka nyekundu chini ya ngozi, ambako hukaa siku mbili ikikusuta.

Kuna doa moja ambalo pamba haikuweza kuliondoa. Kwa kuwa nilidharau ule mpako wa msingi usio na rangi, nikiuona ni ujanja wa wauza vipodozi wa kutuuzia chupa mbili badala ya moja, ile nyekundu ilizama katika kucha zangu zikawa za manjano kama za mvutaji sigara. Nilijaribu ndimu, nikajaribu magadi, nikafanikiwa kuzikausha tu. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, nami nikapata fursa ya kulithibitisha hilo kwa macho yangu, maana kila mwezi nilipotoa rangi niliona weupe mpya umesogea kutoka kwenye kitako na manjano yamesukumwa mbele kidogo, na ilinichukua karibu nusu mwaka kuikata sehemu ya mwisho yenye doa. Chupa ya pili nimeinunua.

Masika ya Dar es Salaam yana visa vyake. Hewa ikijaa unyevu, rangi hukauka ikiwa na ukungu, kana kwamba mtu ameipulizia pumzi, na kuwasha pangaboi hadi mwisho ili kuiharakisha hakusaidii, kwani upepo hukausha juu ukaacha chini pabichi, tukarudi kwenye yale ya shuka. Katika miezi hiyo napaka adhuhuri, siku isiyo na mvua, mipako miembamba kuliko kawaida.

Na nazi je? Nyumbani kwetu nazi hukunwa kwa mbuzi, na mkono unaoizungusha hupitisha ncha za vidole karibu kabisa na meno ya chuma, kwa hiyo kila mara rangi ya kidole cha shahada na cha kati huanza kumeguka kwenye ncha. Nilijifunza kuifunga ncha, yaani kupitisha brashi kwenye ukingo wenyewe wa ukucha, pale unapokatikia, ili rangi ya juu ikunje kidogo na kushika upande wa pili, na kufanya hivyo tena kwa mpako wa mwisho usio na rangi. Tangu nilipoanza, rangi yangu hukaa siku zote sita hata nikikuna nazi mbili kwa siku. Mdogo wangu, ambaye hupakwa jeli saluni na kukaushwa kwa taa, hunicheka kwamba yake hukaa majuma mawili bila taabu yoyote, na ni kweli, lakini yake hailainiki mpaka iloweshwe kwenye asetoni kwa robo saa, na mimi siku ya kutoharika nataka kumaliza na kwenda kuoga.

Jumamosi iliyopita yule kijana alipita tena akigonganisha chupa zake. Nilikuwa barazani, kucha zimekauka tangu mchana, rangi ya zambarau iliyofifia, nami nikamnyooshea mikono yote miwili bila kumwambia kitu. Aliitazama ya kushoto haraka haraka, akaishika ya kulia, akaisogeza kwenye mwanga, akaniuliza nani amenipaka. Nilipomjibu alikaa kimya kidogo, akanigeuza kidole kimoja baada ya kingine kama anayekagua nyanya sokoni.

"Dada, umejitahidi," akasema. "Lakini hiki kidole gumba hukukifunga ncha."

Nilitazama. Hakikuwa kimefungwa.